Uza kasha, monita inakuja Njoro

Kisumu, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka tuuze kompyuta yote iliyo chumbani kwako, yaani kasha, monita, kibodi na UPS (kile cha kushikilia umeme stima ikipotea), pesa hizo tuziongeze juu ya elfu 35 ulizoweka, upate laptopu moja ya kufanyia kila kitu huko Njoro. Nusu ya mpango huo naikubali. Nusu ya pili nakukatalia, na nitakueleza sababu usije ukadhani ni ukaidi wa mama.

Laptopu inaweza kurithi kasha. Haiwezi kurithi meza. Skrini na kibodi yake zimefungwa pamoja kwa bawaba: ukiiweka chini mikono ikae vizuri, shingo inainama, ukiiinua skrini ifike usawa wa macho, mabega yanapanda mpaka karibu na masikio. Kusoma barua pepe kwa mkao huo si neno. Kuchora mifereji ya kunyunyizia maji kwenye AutoCAD kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo tutauza kasha na UPS. Monita ya inchi 22, kibodi na mausi vinakuja kwako.

Sasa mashine yenyewe. Tangazo ulilonitumia, "Core i5, GB 8, SSD 256", halijasema neno la maana. Jina i5, la prosesa za Intel, lipo tangu 2009. Kinachobadilika ni namba inayolifuata: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, na ukikuta namba inaanza na 1, soma tarakimu mbili, i5-1135G7 ikiwa ya kizazi cha 11. Usishuke chini ya kizazi cha 8. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa jumla inaanzia kizazi hicho. Zaidi ya hayo, 6300U ina kori (vitengo vya kufanyia kazi) mbili tu, ilhali 8350U ina nne na imepangiwa wati zilezile 15. Utakutana na muuzaji atakayekuonyesha Windows 11 ikitembea kwenye kizazi cha 6. Inatembea kweli, imeingizwa kwa kuruka ukaguzi. Lakini toleo jipya la kila mwaka halitajileta lenyewe, na sioni ukihangaika na flashi ya kusakinisha Windows upya wiki ya mitihani.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni prosesa ya kubana umeme. Kasha letu lina i5-6500, kori nne, wati 65, na feni yake ina nafasi ya kupumua. 8350U inaweza kupanda hadi kasi ya GHz 3.6, ila haikai huko. Ukiibebesha kazi nzito mfululizo, baada ya muda mfupi inajishusha ili isijiunguze. Kwa michoro ya pande mbili, Word na masomo ya video hutaona tofauti. Ungekuwa mtu wa kuhariri video kutwa, au wa kuchora majengo ya pande tatu yenye mwanga na vivuli, ningekwambia weka kasha, tulitilie kadi ya picha, na njiani ikutoshe simu. Kazi yako si hiyo.

Kwa pesa ulizo nazo tafuta mitumba ile wanayoiita ex-UK, HP EliteBook 840 G5 au Lenovo ThinkPad T480. Zote mbili zina nafasi mbili za memori ya aina ya DDR4, kwa hiyo unaweza kuanza na GB 8 na baadaye ukaongeza nyingine 8. Ongeza mapema, AutoCAD ndani ya GB 8 inafunguka, lakini ukifungua na kivinjari chenye vichupo kumi, kila kitu kinaanza kutambaa. Mimi moyo wangu uko kwa T480, kwa ajili ya betri. Inayo moja ndani, ya wati-saa 24, na nyingine nyuma inayotoka kwa kusukuma vikufuli viwili. Ya nyuma ikichoka unaibadilisha mwenyewe, bila bisibisi, na mashine ikiwa inawaka. Lakini soma herufi vizuri: T480s ni mashine nyingine, nyembamba zaidi, betri yote iko ndani na sehemu ya memori imechomelewa kwenye ubao. X1 Carbon usiiguse hata ikikupendeza kwa wepesi wake. Memori yote imechomelewa, kiasi ulichonunua ndicho hichohicho mpaka mwisho.

T480 ina ubaya mmoja wa kuchunguza: nyingi zilinunuliwa na ofisi kwa skrini ya bei ya chini, 1366 kwa 768. Ukifungua AutoCAD hapo, menyu zinakula mchoro. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye skrini tupu, ingia kwenye mipangilio ya skrini, uone 1920 kwa 1080. Usichukue maneno ya mtu.

Ukienda Nakuru mjini kununua, nenda mchana, usiwe na haraka ya matatu ya mwisho. Beba flashi na bando la kutosha kwenye simu. Mwambie muuzaji aizime kabisa, kisha uiwashe wewe ukibonyezabonyeza F1 kwa ThinkPad au F10 kwa HP, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows. Ikidai nywila, irudishe kwenye kaunta. Hizi zilikuwa mali ya makampuni, na nywila ya BIOS haiondoki kwa kusakinisha Windows upya. Wala kwenye mashine hizi haifutiki kwa kuchomoa kile kibetri cha ubaoni, ujanja unaokubali kwenye makasha mengi. Ukiwa humo linganisha namba ya mashine na ile iliyobandikwa chini yake. Zikitofautiana, aidha ubao ulibadilishwa au kifuniko si chake.

Kisha betri. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, piga Enter. Faili inaandikwa na mahali ilipo panatajwa papo hapo. Ifungue utafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. EliteBook 840 G5 ilitoka kiwandani ikiwa na karibu miliwati-saa (mWh) 50,000. Ukikuta zimebaki 31,000, hiyo ni asilimia 62, na kwa kazi inayokula wati 10 utapata saa tatu, si tano. Hilo halitoshi kuikataa. Linatosha kushusha bei kwa gharama ya betri mpya. Akikwambia betri inakaa saa sita, mwonyeshe namba unyamaze. Kwenye T480 ripoti itaonyesha betri mbili, zisome zote.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Funga mashine, iweke juu ya kioo cha kaunta, ubonyeze pembe zake nne kwa kidole, moja baada ya nyingine. Ikicheza kama kigoda chenye mguu mfupi, ifungue. Bonyeza kile kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi, katikati na pembeni. Kinapaswa kushuka kidogo na kulia tik. Kikiwa kigumu, au ukingo wake mmoja umeinuka kwa unene wa ukucha, betri iliyo chini yake imevimba. Hiyo usinunue hata akikupunguzia nusu, na akitaka kuikandamiza irudi, wewe sogea mbali. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitoboka inashika moto.

Mengine ni ya haraka. Kwenye Notepad bonyeza kila herufi, na chunguza kama kuna herufi zilizobandikwa juu ya nyingine: mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zina A mahali pa Q, na vibandiko vya herufi vinalificha hilo. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Tikisa waya wa chaja taratibu uone kama alama ya kuchaji inapotea na kurudi. Inua kifuniko kwa kona moja usikilize kama plastiki ya bawaba inalia. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja zitakufungulia Task Manager, na humo sehemu ya Performance inaonyesha memori na idadi ya nafasi zilizotumika. CrystalDiskInfo iweke kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani, itakusomea afya ya SSD, yaani hifadhi ya mafaili, kwa asilimia. Mwisho acha video icheze dakika 20 mkiendelea kuelewana bei. Ikizima yenyewe, feni imeziba au ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka.

Chaja iwe ya wati 65. Ya T480 imeandikwa volti 20 na ampea 3.25. Chaja ya kawaida ya simu itaingia kwenye tundu lilelile na isifanye lolote.

Monita yetu ina tundu la VGA peke yake, na mashine zote mbili nilizokutajia zinatoa HDMI. Utahitaji adapta, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Adapta hizi zinatafsiri upande mmoja tu. Unayoitaka inatoka HDMI kwenda VGA: upande wa HDMI una kichwa cha kuchomeka kwenye laptopu, upande wa VGA una matundu 15, kwa kuwa waya wa monita ndio wenye pini. Ile yenye pini upande wa VGA imetengenezwa kwa kompyuta kuukuu na runinga mpya; kwako itabaki pambo. Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague mchoro ukae kwenye monita na maelezo ya mwalimu yabaki kwenye skrini ndogo. Laptopu yenyewe iinue juu ya vitabu viwili vitatu. Na chai ikimwagika mezani, inaharibu kibodi ya nje, haifiki kwenye ubao.

Kamusi inaiita kipakatalishi. Jina tamu, ushauri mbaya. Usiipakate, na zaidi usiilaze juu ya blanketi, maana matundu ya kuvuta hewa yako tumboni mwake. Baridi ya Njoro itakusaidia, vumbi halitakusaidia. Nakuru yenyewe jina lake la Kimaasai linataja vumbi. Mara moja kwa mwaka fungua kifuniko cha chini upulize feni, lakini izuie kwanza kwa kijiti isizunguke, la sivyo unaua beringi zake.

Ukishakuwa mezani muda wote na chaja imechomekwa, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80. Kwenye ThinkPad kiko ndani ya Lenovo Vantage. Betri inayokaa siku zote kwenye 100, tena ikipata joto, ndiyo inayovimba. Hutahitaji UPS, stima ikipotea monita inazimika na kazi inabaki ikikungoja kwenye skrini ndogo. Ngurumo zikianza, usichomoe chaja ukadhani umemaliza. Chomoa na waya wa monita. Monita bado iko ukutani, na radi inajua njia ya kupita kwenye waya wa picha.

Kuhusu kasha. Usitegemee bei kubwa, kwa sababu lina kizazi cha 6 na ugonjwa wake wa Windows 11 ni uleule. Nitamwambia mnunuzi wazi kwamba linafaa zaidi kwa Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Memori yake usiihesabu kama akiba ya laptopu. Kijiti cha kasha kina urefu wa kama sentimita 13, cha laptopu ni nusu ya hapo, na tundu halikubali. SSD yake ya GB 240 haiuzwi. Tutaitoa, tuiweke kwenye kikasha cha USB, iwe ya nakala. Kasha halikuwahi kusahauliwa kwenye matatu wala kunyakuliwa mtu akitoka maktaba. Laptopu inatembea, na siku ikipotea inakwenda na michoro ya muhula mzima. Kila Ijumaa nakili kazi zako, na hiyo SSD isikae kwenye mkoba mmoja na laptopu.

Ukija Jumamosi ya mwisho wa mwezi, monita utaikuta imeviringishwa blanketi. Kwenye matatu iweke miguuni, kioo kikitazama mgongo wa kiti cha mbele, na kondakta asiipandishe kwenye keria. Uje pia na ile bisibisi yangu ndogo ya msalaba uliyoondoka nayo Januari, maana skrubu za SSD zimekazwa na hizi zilizobaki hapa zote ni nene.

Mama