Kituo kinaitwa Kisimani na kisima hakipo: harambee ya kumbukumbu za mji wetu

Ndugu, jamaa na marafiki, mlioko hapa na mlioko mbali, salamu kwanza.

Kuna kituo cha basi hapa mjini kila mtu anakiita Kisimani, konda anaita Kisimani, hata mtoto wa chekechea ukimtuma Kisimani anafika, ila kisima chenyewe hakuna kijana aliyewahi kukiona. Kwenye ramani hilo jina halipo, pale pameandikwa jina lingine la kiofisi ambalo hata mwenye nyumba wa palepale ukimuuliza anakuna kichwa. Basi mwaka jana tukaenda kwa bibi mmoja, miaka themanini na ushee, tukaweka simu mezani irekodi na tukamuuliza tu, bibi, hicho kisima kilikuwa wapi? Akanyamaza kidogo. Halafu akachukua kalamu, akageuza bahasha iliyokuwa hapo mezani akaanza kuchora: hapa kisima, hapa jiwe la kufulia, foleni ya ndoo ilikuwa inapinda hivi, na hapa, akaweka alama ya mkasi, hapa ndo tulikuwa tunapigana.

Tukacheka wote. Kumbe foleni ilikuwa inaanza alfajiri giza bado, kumbe ndoo ilikuwa inakushikia nafasi ukirudi nyumbani na ole wako uisogeze ya mwenzio, kumbe siku kisima kinafukiwa kwa sababu mabomba yameletwa kuna wanawake walilia, na si kwamba walikuwa hawayataki maji ya bomba, waliyataka sana, ila hawakujua sasa watakuwa wanaonana wapi. Jamani, hilo la mwisho utalipata kwenye faili la ofisi gani? Ofisi ina tarehe ya bomba na sahihi ya mkandarasi, basi.

Sasa niseme ukweli wenye aibu kidogo. Ile rekodi hatuna tena. Tuliihamisha kutoka kwenye simu pamoja na nyingine kadhaa, tukaweka zote kwenye diski moja ya nje, tukafuta kwenye simu ili tupate nafasi, na ile diski ikaanguka kutoka mezani, juu ya zulia jamani, wala si sakafu, na haikuwaka tena. Hakuna wa kulaumu ila sisi wenyewe. Kilichobaki ni bahasha.

Ndo maana tunakuja kwenu na harambee, tuwarekodi wazee wa mji wetu na safari hii rekodi zisipotee.

Najua wengine mtauliza, hao wazee si wanachanganya mambo? Wanachanganya, ndio, nani hachanganyi. Ila wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wamegundua kwamba mtu mzima akikumbuka nyuma, yanayomjia kwa wingi ni ya umri wa kama miaka 10 hadi 30, kwa hiyo bibi anaweza kusahau kaweka wapi miwani na bado akakutajia nani alikuwa anasimama nyuma ya nani kwenye foleni. Na hata kosa lenyewe lina habari ndani yake. Kule Italia kwenye mji wa Terni kuna kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi Machi 1949 kwenye maandamano ya kupinga nchi kujiunga na NATO. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipokuja kuwahoji wakazi miaka mingi baadaye, wengi wakamwambia aliuawa 1953, kwenye vurugu za watu kuachishwa kazi kwa wingi pale kiwandani. Tarehe wamekosea, lakini ukifikiria unaona walivyofanya: kile kifo wamekihamishia kwenye jeraha lililowauma zaidi. Kwa hiyo sisi hatumsahihishi mzee akiwa anaongea. Tunaandika alichosema, halafu pembeni tunaandika karatasi zinasemaje, vyote viwili vinakaa.

Na tusidhani haya ni mambo ya kujifurahisha tu. Cape Town kulikuwa na mtaa unaitwa District Six, mwaka 1966 serikali ya makaburu ikautangaza kuwa eneo la wazungu peke yao, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa na nyumba zikavunjwa kwa tingatinga. Baadaye wakazi wenyewe wakaanzisha makumbusho, yalifunguliwa 1994 ndani ya jengo la kanisa la zamani, na sakafuni wakatandika ramani kubwa ya mtaa wao, watu wanainama wanaandika majina yao pale nyumba yao ilipokuwa. Mtaa ukavunjwa ukaisha, na bado ukarudi kwa watu kuinama na kalamu. Sisi kwetu hakuna aliyekuja na tingatinga la namna hiyo, kwetu mambo yanaondoka polepole, mzee mmoja leo, duka kesho, jina la uchochoro keshokutwa, na labda ndo maana hatushtuki.

Hatuombi jengo. Nasisitiza hapo maana kila tukikaa kikao kuna mtu anataka jengo lenye ukumbi na jina la mgeni rasmi mlangoni. Jengo litakuja likija. Kwa sasa tunataka rekoda moja nzuri na maiki mbili za kubana kwenye nguo, maana simu ukiiweka mezani inasikia feni kuliko inavyomsikia mzee. Tunataka diski tatu, si moja, tumeshafundishwa: nakala tatu za kila kitu, na mojawapo ikae jengo lingine kabisa, moto au mafuriko yakija yasikute zote pamoja. Mazungumzo ya saa moja yakirekodiwa kwa ubora wa kutunzwa, yaani faili la WAV lisilobanwa, ni karibu GB 1, ukiyabana kuwa MP3 yanakuwa madogo ndio lakini sauti iliyokatwa pale hairudi. Skana pia, kwa ajili ya picha za kwenye albamu zile zenye gundi, ambazo ukizibandua kwa nguvu zinachanika, na mara nyingi utamu uko nyuma ya picha, kwenye mwandiko wa penseli.

Ila hela nyingi zaidi itaenda kwa watu, sitaki mtu aje kushangaa baadaye. Kuandika neno kwa neno saa moja ya maongezi kunakula saa nne hadi sita za mtu aliyezoea kazi, na mzee akiwa anaongea taratibu na jirani anaingilia kati hapo hesabu nyingine. Vijana wetu wamekuwa wakifanya bure, tumewachosha. Wapewe kitu. Na nauli za wazee kuja kwenye vikao vya Jumamosi, tunapotandika ramani ya mji chini na kila mtu anaonyesha alipoishi, maana akikaa peke yake anasema sikumbuki, akikaa na mwenzake wanabishana na hapo ndo mambo yanatoka.

Kitu kingine, harakaharaka: hakuna sauti ya mtu itakayotoka nje bila yeye mwenyewe kukubali kwa sahihi au dole gumba, na akisema kipande fulani kifungwe mpaka nife, kinafungwa. Kila familia inapewa nakala yake bure.

Mchango ni kiasi chochote. Unapokelewa na mhazini, unapewa risiti palepale, na daftari la mapato na matumizi litakuwa wazi mezani kila Jumamosi, njoo ulifungue mwenyewe hata kama hujachanga. Huna hela? Leta diski ambayo huitumii, leta masaa mawili ya kuchapa, leta kanda za kaseti za marehemu baba kabla hazijaliwa na ukungu. Au leta mzee, hasa yule anayesema mimi sina cha maana cha kusimulia.

Bibi wa Kisimani yupo, mzima, na tumeshamwambia yaliyoipata rekodi yake. Tulitegemea atakasirika. Akasema tuje tu na hicho chombo kipya tukikipata na ile bahasha tusiisahau, maana ameifikiria tena na lile jiwe la kufulia alilichora upande usio wenyewe.