Risala ya Kamati ya Ukarabati wa Jengo la Kale, Main Street, Jinja, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa jiji na wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa,
Mashehe na wachungaji wetu,
Wazee wetu, akina mama, mafundi na majirani,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika saa ile ile uliyotuambia. Jambo hilo tumelitia moyoni, maana katika hafla zetu zilizopita tulizoea kumngoja mgeni hadi jua linapinduka.

Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi katika jengo hili. Mafundi wetu wametoka Walukuba, Masese, Bugembe, Arua na Busia, na aliyeko juu ya ngazi na aliyeko chini wanaelewana kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda nalo liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini. Tunaona fahari kuutekeleza uamuzi huo mbele yako.

Mheshimiwa, historia ya jengo ni ndefu lakini tutaipita haraka. Lilijengwa miaka ya 1920 na familia ya wafanyabiashara wa Kihindi, wakati pamba ya Busoga ikishuka Jinja kwa reli kutoka Namasagali. Chini duka, juu makazi, nyuma ua wa jikoni. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, familia ile iliondoka na jengo likawa chini ya bodi ya serikali iliyoshika mali zao. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa, na miaka ya 1990 wenyewe wakarejeshewa. Wajukuu wao ndio waliotukabidhi sisi, kikundi cha mafundi na wakazi wa mtaa huu, kwa mkataba wa muda mrefu, tulitengeneze na kuliendesha. Mengine yako kwenye ubao uliopo mlangoni.

Mafanikio yetu ni makubwa. Orofa ya juu, iliyokuwa na popo na mabati yaliyotoboka, leo ina apatimenti nne za kisasa za kupangisha kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Kila moja ina kitanda na chandarua, jiko la gesi, friji, meza ya kufanyia kazi, intaneti na bafu lake. Mgeni anakuja na begi lake tu. Tunathubutu kusema kwamba kazi hii imeuweka mtaa wetu kwenye ramani ya utalii wa Afrika Mashariki. Wanakuja wanaopanda maboti kwenye maporomoko ya Nile, wahandisi, wauguzi wenye mikataba mifupi, wazazi wanaoleta watoto shule na wafanyabiashara wa Kenya wanaoelekea Kampala, ambako ni kama kilomita 80 tu kutoka hapa. Na kwa kuwa wanajipikia, fedha yao inafika sokoni: ndizi za matoke, nyanya, samaki aina ya ngege wa Masese. Vijana wetu nao wamepata kazi. Yupo anayefua mashuka, yupo mlinzi wa usiku, yupo anayepokea wageni kwa simu.

Tungependa pia ujue kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu wengi waliotushauri walisema tubomoe. Matofali ya jengo hili yaliunganishwa kwa chokaa. Waliokuja baadaye walilipiga lipu ya saruji nje na ndani, unyevu ukakosa pa kutokea, ukaanza kuyala matofali taratibu. Tuliibandua saruji yote kwa tindo na nyundo, tukarudishia chokaa ya Tororo. Milango ni ya mvule. Tulipoikwangua tulikuta rangi ya kahawia, chini yake buluu, chini yake kijani, kisha mbao nzima kabisa isiyo na tundu la mdudu. Kampala majengo ya umri huu yanaangushwa kupisha maduka ya vioo. Nchi yetu ina sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale ya mwaka 2023, na sisi hatukungoja kulazimishwa na sheria kulitunza jengo letu.

Mheshimiwa, sasa tuingie katika jambo hasa lililotufanya tukualike. Ni maji taka.

Nyuma ya jengo hili upo uchochoro. Waliopanga mji enzi za ukoloni waliuacha makusudi, ili wabebaji wa ndoo za vyoo wapite nyuma bila kuonekana mbele. Ndoo zilipoondoka, likalazwa humo bomba la udongo wa kuchoma la inchi 4. Lilitosha kwa familia moja na mabomba machache ya maji. Leo linapokea mabafu yetu manne, masinki manne, maduka ya chini na majirani wa pande zote mbili. Viungo vyake vimeachana na mizizi ya mwembe imeingia ndani. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayaendi mbele, yanarudi kwetu.

Usiku mmoja wa mvua tulikuwa na familia ya watu watano, wamelipia wiki nzima. Saa nane za usiku mama wa familia aliamka kumpeleka mtoto bafuni, akakuta maji meusi yanapanda kupitia tundu la bafu na kusambaa hadi chini ya kitanda. Tuliwahamisha usiku huo huo na asubuhi tukawarudishia fedha yao yote. Hawakutugombeza. Walisema chumba ni kizuri, lakini na watoto hawawezi kurudi. Tangu siku hiyo, wingu likitanda tu, mlinzi wetu anakwenda kukaa uchochoroni na tochi na fito ya kuzibulia.

Kuzibua kwenyewe si kazi rahisi. Mfuniko wa chemba ya pili uko chini ya meza ya kijana anayekaanga chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Kila tunapozibua inambidi azime sigiri, amwage unga uliokwisha kukandwa, asogeze meza na kupoteza wateja wake wa asubuhi. Hajawahi kutukatalia. Tunamshukuru hadharani, na tunaona aibu kwamba ubovu wa bomba unalipwa na mfuko wake.

Madhara hayaishii hapo. Nyuma, orofa ya chini, tumemaliza apatimenti mbili zaidi. Moja tuliijenga kwa ajili ya wageni wanaotumia kiti cha magurudumu, mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti. Vitanda vimo, bado vimefungwa nailoni. Hatuwezi kuzifungua, kwa sababu maji yakirudi huanzia chini. Mkopo wa sacco tuliozijengea unadai marejesho kila mwezi, vyumba vikiwa na watu au vitupu.

Mheshimiwa, jambo hili si geni katika meza za wakubwa. Mgeni rasmi wa kwanza, siku tuliyoanza kazi, alisimama hapa uliposimamishiwa kipaza sauti chako akaahidi bomba jipya kabla ya mvua za Machi. Tulimpigia makofi, na tuliyapiga kwa moyo. Mvua za Machi zilikuja na kupita. Mgeni wa pili alituma wapimaji. Walipima siku nzima, wakaweka alama za rangi nyekundu juu ya chokaa yetu mbichi, wakatuagiza tusiziguse hadi mafundi wa bomba waje. Hatujazigusa. Ndiyo maana ukuta wa mbele unang'aa na wa nyuma haujamalizika. Mgeni wa tatu alitwambia faili linatembea. Barua zetu zina mihuri ya kupokelewa, na nakala zake tumeziambatanisha na risala hii.

Hatuyasemi haya kumvunjia mtu heshima. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili limepita mikono mitatu bila mdai kuona senti. Ukiongeza ahadi nyingine leo, Mheshimiwa, kwa heshima zote, hatutajua tuiweke wapi.

Ndiyo maana ombi letu tumelipunguza mpaka likawa kitu unachoweza kukishika mkononi.

Tunaomba ruhusa ya maandishi ya kuchimba uchochoro. Tulijaribu kuanza wenyewe kwa majembe tukasimamishwa, na aliyetusimamisha alikuwa na haki, kwa sababu uchochoro ni mali ya umma. Ruhusa ikipatikana, mitaro tutachimba sisi. Mchanga, kokoto, matofali ya chemba na ufundi ni juu yetu. Tunachokosa ni mabomba ya inchi 6 na idhini ya kuunganisha kwenye chemba kuu iliyoko kona ya mtaa. Fundi wetu amekwisha kupima mteremko: katika kila mita 60 bomba litashuka mita 1, na ardhi ya hapa inaruhusu bila pampu yoyote. Makadirio ya mabomba yako kwenye ukurasa wa mwisho, na bei ni za maduka ya hapa hapa Jinja. Kama mabomba hayatapatikana mwaka huu, tupe ruhusa peke yake. Tutayanunua kidogo kidogo, tuanzie kwenye ukuta wetu kwenda mbele.

Tunaomba pia, na hili tunaliombea majirani zetu, kwamba wenye vibanda vya uchochoroni wapewe mahali kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Wasije wakaamka alfajiri na kukuta askari na lori. Upande wa pili kipo kiwanja kitupu, na tumekaa nao wakakubali kuhamia huko kwa muda wote wa kazi. Mwenyekiti wao yupo hapa na ataongea nawe akipewa nafasi. Hawa ndio waliowalisha mafundi wetu kwa mkopo tulipokuwa hatuna mishahara ya kuwalipa. Hatuko tayari kupata bomba kwa kuwatupa.

Tunazo haja nyingine, kama taa ya barabarani na bango la kuwaelekeza wageni, lakini leo hatutazieleza, ili ombi hili lisipate mwenzake wa kujificha nyuma yake.

Mheshimiwa, ratiba inasema baada ya risala utakata utepe, kisha chakula. Tunaomba ruhusa yako tuibadilishe kidogo. Kabla ya chakula tutembee pamoja uchochoroni, uzione alama nyekundu na chemba ya pili kwa macho yako. Tumekuwekea buti za mpira mlangoni. Ukirudi utakuta mezani barua ya ruhusa, nakala mbili, na nafasi ya tarehe tumeiacha wazi uijaze mwenyewe.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Ukarabati