Barua kwa Mwanangu Mwalimu: Redio Iliyoondoka na Baba Alfajiri

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limetulia kidogo tangu mvua zikatike, naye anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema Mwalimu Mkuu wenu hapo Bagamoyo amekukabidhi kazi ya kuandika mpango wa namna shule itakavyoendelea kufundisha iwapo italazimika kufungwa tena, iwe kwa maradhi au kwa mafuriko, na kwamba amekupa kama mfano mpango wa wilaya moja ya shule ya Marekani, yaani eneo lenye shule nyingi chini ya uongozi mmoja, mpango wenye siku za kusoma darasani na siku za kusoma nyumbani kwa kompyuta. Ukaniuliza sisi tulifanyaje mwaka 2020. Kwa simu ningekujibu kwa maneno mawili matatu, na jambo hili sipendi kulipitia juu juu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wewe mwenyewe ulikuwa kidato cha sita, kwa hiyo siku zile unazikumbuka kwa upande wa mwanafunzi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Ulifika nyumbani na tranka lako na godoro lililofungwa kamba ya katani, ukaniuliza kama mtihani wa Mei upo au haupo, nami sikuwa na jibu. Siku 30 zikaisha na shule hazikufunguliwa. Ninyi mliitwa tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote yakarudi tarehe 29 Juni, siku ileile mlipoanza mtihani wenu. Ukitulinganisha na majirani zetu wa Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, sisi tulifungiwa muda mfupi. Lakini mtoto wa darasa la kwanza, aliyeingia shule Januari na kurudishwa nyumbani Machi kabla hajaunganisha silabi mbili, miezi mitatu na ushee ilimtosha kusahau hata namna ya kushika penseli.

Sisi walimu tulibaki na funguo za madarasa matupu. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo, vikarushwa redioni na kwenye televisheni, TBC ikiwemo, na mimi kama Mwalimu Mkuu niliona kazi yetu ya kwanza ni kujua nani ataweza kuvisikia. Tukagawana mitaa. Nilichukua daftari kubwa la mistari, lile lenye jalada la bluu, nikalichora safu nne: jina la mtoto na anayeishi naye, redio au televisheni, simu, na ya mwisho niliiandika juu "kifanyike nini". Tulipita nyumba kwa nyumba, tukisimama uani mbali na watu, tukiuliza kwa sauti ya juu kuliko ilivyo adabu. Kwa wiki moja na nusu tukawa tumemaliza, na nilijivunia daftari lile. Karibu nusu ya nyumba zilikuwa na alama ya redio.

Alama zile zilinidanganya. Mwezi wa Aprili nilipita tena kwa mama mmoja mwenye watoto watatu shuleni kwetu, nikamuuliza wanaendeleaje na vipindi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba redio ni ya baba yao, na baba yao huondoka nayo alfajiri kwenda kwenye machimbo ya mawe, akaitundika kwenye tawi ili kazi isiwachoshe. Jioni inarudi na betri zimechoka. Akanionyesha juu ya bati la banda la kuku betri nne zimeanikwa juani zipate nguvu kidogo za kusikilizia taarifa ya habari. Katika daftari langu nyumba ile ilikuwa na redio, na kweli ilikuwa nayo, ila saa za kipindi redio ilikuwa machimboni. Mwanangu, ukiandika mpango wako usiulize kama kifaa kipo. Uliza kiko mkononi mwa nani saa tatu asubuhi, na nani atalipia betri au bando.

Tulijaribu na karatasi. Walimu waliandika maswali kwa mkono, nami nikayadurufu mjini kwa fedha tulizochangishana na wajumbe wa kamati ya shule. Wazazi wakachukua Jumatatu na kurudisha Jumatatu ya pili katika sanduku la mbao lililowekwa barazani, nasi tukaziacha karatasi siku tatu kabla ya kuzigusa, kwa kuwa tuliogopa. Wiki ya pili zilirudi chache kuliko ya kwanza, na wiki ya tatu chache zaidi. Nilipoanza kusahihisha za darasa la tatu nikaona mwandiko wa kukomaa, wenye herufi zilizolala upande mmoja vizuri, na nilikuwa nimemfundisha dada mtu miaka minne kabla, hivyo niliujua mwandiko wake. Sikumlaumu. Alitaka mdogo wake asionekane mjinga. Lakini nilijua hapo kwamba karatasi zilizojaa alama za vyema hazikuwa zikinieleza chochote kuhusu watoto wenyewe. Redio nayo ilikuwa na upungufu huohuo, kwa kuwa mwalimu wa redioni hawezi kuona uso wa mtoto aliyepotea njia katikati ya hesabu za mafungu; anaendelea tu, na kipindi kinaisha.

Sasa nikusimulie la yule kijana, ambalo nililigusia siku ya kuagwa kwangu kazini na sikulimaliza kwa kuwa sauti ilinikauka. Alikuwa darasa la sita, akiishi na bibi yake. Tarehe 29 Juni tulipofungua, ndoo za maji tiririka zimepangwa mlangoni na madawati yameachana kadiri vyumba vilivyoruhusu, yeye hakuja. Siku ya tano nikauliza wenzake, wakasema yuko kokoto. Nilimkuta amekaa chini ya kivuli cha makuti, nyundo mkononi, kipande cha mpira wa tairi amekifanya pete ya kushikia jiwe lisiruke, na rundo lake limefika magotini. Nilimuuliza kwa nini harudi shule. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na ujeuri, akasema: "Shule si imehamia redioni, Mwalimu? Sisi kwetu hakuna redio."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Jina lake lilikuwepo. Bibi yake alikuwepo. Redio: hakuna. Simu: hakuna. Na safu ya nne, ya kifanyike nini, ilikuwa tupu. Nikageuza kurasa, na kila penye "hakuna" mbili safu ya nne ilikuwa tupu. Wale waliokuwa na kitu niliwaandikia la kufanya, na wale ambao hawakuwa na kitu niliwahesabu tu, nikaenda zangu. Tangu Machi hadi Juni hakuna mwalimu aliyerudi kwa bibi yule, nikiwemo mimi, na nyumba yake si mbali na shule. Ukitembea taratibu ni dakika ishirini. Kijana alirudi darasani wiki iliyofuata, nikamwombea kwa bibi yake mimi mwenyewe, lakini alirudi kwa kusitasita, akija siku tatu na kukosa mbili, na alipomaliza darasa la saba mwaka 2021 hakuchaguliwa kuendelea. Sisemi kwamba ni miezi ile peke yake iliyomfikisha hapo. Nasema nilikuwa na jina lake kwenye daftari.

Kwa hiyo katika mpango wako, mbele ya kila jina la mtoto asiyefikiwa na kifaa chochote, liandikwe jina la mwalimu mmoja, na siku ya kumtembelea. Usiandike "walimu watawafuatilia". Neno hilo nililisikia na kulitamka vikaoni kwa miaka thelathini, na najua halimfikishi mtu mlangoni kwa mtu.

Kuhusu mfano wa Marekani aliokupa Mwalimu Mkuu, usiuweke kando kwa sababu tu hamna kompyuta. Nimekuwa nikifuatilia habari za New York, ambako wilaya ya shule ndiyo kubwa kuliko zote nchini mwao, na wakati ule ilikuwa na wanafunzi wanaozidi milioni moja. Walifunga Machi 2020, wakaazimisha watoto mamia ya maelfu ya kompyuta, na walipofungua baada ya kiangazi mzazi alichagua mtoto asome nyumbani siku zote au asome kwa mchanganyiko, siku kadhaa darasani na zilizobaki nyumbani, darasa likigawanywa makundi. Walijiwekea kiwango kwamba vipimo vya mji vikionyesha maambukizi ya asilimia 3 kwa wastani wa siku saba, shule zinafungwa. Kikafikiwa, zikafungwa tarehe 19 Novemba. Pamoja na mali yote ile walikuwa na watoto waliokaa katika makazi ya wasio na nyumba ambako mtandao haukushika, hivyo kompyuta ipo mkononi na somo halipo. Hiyo ni redio ya machimboni kwa sura nyingine.

Mambo mawili ya kwao yachukue. La kwanza ni chakula: walifunga madarasa lakini waliendelea kugawa chakula kwenye majengo ya shule. Sisi tulizima jiko la uji siku ileile tulipofunga milango, na sikumbuki mtu yeyote, mimi nikiwemo, aliyeuliza mtoto aliyezoea uji wa saa nne atakula nini. La pili ni wale walioanza kurudishwa. Tarehe 7 Desemba New York waliwarudisha kwanza wadogo, wa madarasa ya awali na ya msingi, na baada yao watoto wenye mahitaji maalumu. Hapa kwetu mlianza ninyi wa mtihani, na Kenya walipofungua kwa sehemu tarehe 12 Oktoba 2020 walianza vilevile na madarasa ya mitihani, wakiongeza la nne. Nilifurahi ulipoitwa, ni mwanangu, ningefanyaje? Lakini kama mwalimu nasema wazi kwamba kijana wa kidato cha sita anaweza kukaa chini ya mwembe na kitabu akajisomea, na wewe ulifanya hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi. Kama nafasi ni chache, mpango wako uwape wadogo zile siku za kuja shuleni.

Na soma habari za Austin, Texas, ambako mabasi ya shule yalifungwa vifaa vya intaneti yakaegeshwa katika mitaa ya watoto wasio na mtandao nyumbani. Ninyi hamna basi. Mna walimu wenye baiskeli na pikipiki, mna baraza za misikiti na vivuli vya miembe, na watoto sita chini ya mwembe mmoja, wameachana hatua mbili, na ubao wa kuegemeza, ni darasa. Sisi wazo hilo lilitujia Juni, ikiwa imebaki wiki moja kufungua.

Jambo dogo la utekelezaji: mwalimu anayefundisha waliopo darasani asipewe pia waliopo nyumbani. Tulipofungua, muda wa masomo uliongezwa kila siku ili kufidia, na mimi nikawagawa watoto zamu ya asubuhi na ya mchana kwa walimu walewale. Kufikia Agosti wawili walikuwa hawana sauti, na mmoja alilia ofisini kwangu. Wagawe mapema, hata kama kila upande utapata walimu wachache.

Liko moja nililotaka kukwambia muda mrefu. Simu janja nyumbani ilikuwa moja, yangu. Wewe uliihitaji kwa mitihani ya miaka iliyopita ambayo wenzako walikuwa wakitumiana, na mimi kila asubuhi niliibeba kwenda nayo kwa kazi za kundi la wazazi, nikiirudisha usiku bando limekwisha. Hukunung'unika hata siku moja. Nilimhukumu moyoni yule baba wa redio, na mimi nilikuwa nikifanya vilevile kwako. Unisamehe, mwanangu.

Daftari la bluu nimelitia kwenye bahasha ya kaki, mjomba wako atakuja nalo Ijumaa. Kurasa zenye "hakuna" mbili nimezikunja pembe, na safu ya nne nimeiacha kama ilivyokuwa. Usiwaonyeshe watu majina ya watoto, ila Mwalimu Mkuu wenu mwonyeshe safu ile. Ukimaliza kuandika mpango, nitumie nakala kwa mkono wa mjomba, niusome kabla haujafika kwenye kamati.

Mama yako akupendaye