Kwa mdogo wangu, uliyeambiwa ushughulikie viti

Mdogo wangu,

Ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, konda anapiga kelele, nikaambulia "viti" na "dharau" tu. Ya pili nimeisikiliza nyumbani, nimekaa. Kumbe timu yenu ya Hult Prize, lile shindano la dunia la wanafunzi wenye mawazo ya biashara, imevunjika kabla hata ya kujiandikisha, na sasa wamekutupia kwenye kamati: viti, maji na projekta. Mama naye kanipigia, eti niseme nawe kabla hujajitoa. Naandika hapa hadharani kwa sababu wenye kinyongo kama chako ni wengi, na kwa sababu simu zangu unazikata.

Unasema "wenye shindano" kana kwamba ni watu wa sayari nyingine. Hebu tuwatazame. Mwenye fedha ni Bertil Hult, Mswidi aliyeanzisha EF, kampuni ya kufundisha lugha, mwaka 1965 akiwa bado kijana wa chuo kule Lund. Shuleni alitaabika sana kusoma kwa sababu ya disleksia. Kiingereza alikishika kwa kukaa London na kusikiliza watu, na biashara yake yote akaijenga juu ya hilo. Lakini wazo la shindano si lake. Ni la Ahmad Ashkar, Mmarekani mwenye asili ya Palestina, aliyelianzisha akitokea kwenye MBA, yaani uzamili wa biashara, katika shule ya biashara yenye jina la huyo mzee. Mwanafunzi, yaani. Bill Clinton alikuja na jina lake, zawadi ikafika dola milioni moja, kamera zikafuata.

Chini ya hao kuna ngazi ambayo kamera haifiki. Shindano la kila chuo linaandaliwa na wanafunzi wa chuo hichohicho, kwa kujitolea. Hakuna posho. Ndiyo ngazi uliyowekwa wewe.

Vijana wa Magic Bus unawajua. Walikuwa wanne kutoka Earlham, chuo kidogo kule Indiana, mmoja wao Mkenya, Wyclife Omondi. Wakaja na wazo la abiria wa Nairobi kukata tiketi ya basi kwa meseji ya kawaida, bila intaneti, na Septemba 2016 wakaondoka New York na ile milioni. Leo Omondi na mwenzake Sonia Kabra wana BuuPass, inayouza tiketi za mabasi ya masafa marefu. Nimefurahi nao. Ila mshindi wa milioni ni timu moja kwa mwaka, na kila timu nyingine duniani iliyosimama mbele ya majaji mwaka ule ilirudi nyumbani. Nataka tuzungumze kuhusu hizo zilizorudi, maana zitapita mlangoni kwako.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa kwenye kamati ya shindano la aina hiyo, dogo, la chuo chetu. Siku yenyewe umeme ulikatika saa tatu asubuhi, jenereta lipo, dizeli haipo. Jaji mmoja alituambia yuko Mwenge anakaribia, akakaribia kwa saa mbili. Waya wa projekta haukuingia kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Hayo yote tuliyamudu, na jioni tukapongezana kwa sambusa.

Kulikuwa na timu ya watatu iliyokuja na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani mlikuwa na funza wa nzi weusi, wanaolishwa mabaki ya mama lishe, kisha wanakuwa chakula cha kuku. Jaji mmoja akaziba pua, ukumbi ukacheka, na mimi nilicheka. Mimi, mjukuu wa Bukoba, niliyekula senene kabla sijajua kusoma! Na hukohuko Hult Prize, mwaka 2013, waliobeba milioni walikuwa wanafunzi wa McGill, Kanada, na wazo lao lilikuwa wadudu kama chakula.

Lakini si kicheko kilichobaki kunikereketa. Watu walipoondoka nilimkuta mmoja wao kwenye ngazi, ndoo iko katikati ya miguu. Akaniuliza kwa upole, "Dada, majaji waliandika nini kuhusu sisi?" Swali la haki kabisa. Kila jaji alikuwa na karatasi: alama upande mmoja, maoni chini. Nikarudi ukumbini kuzitafuta. Zilikuwa zimefungiwa sambusa zilizobaki, watu wanaondoka nazo. Niliokota moja, mafuta yameshakunywa wino, nikasoma "gharama ya" na baada ya hapo doa. Nikamrudishia jibu la kipuuzi, kwamba walifanya vizuri.

Sijui waliishia wapi. Wiki zile tulikuwa tumeandaa kila kitu cha mshindi: cheti, fulana, picha, hata nani atamkabidhi nini. Kwa wengine tulikuwa na maji ya chupa.

Basi viti wapangie wenzako pia, usibebe peke yako. Ila zile karatasi za majaji ziombe wewe. Sema unazitaka, hakuna atakayegombea. Zipige picha palepale kabla mtu hajashika kitafunwa, na kila timu ipate za kwake usiku huohuo, hata kama jaji kaandika mistari miwili ya kukatisha tamaa. Na ukiweza, waombe majaji wawili wabaki nusu saa, wakae na waliokosa, bila kipaza sauti. Wengi watakubali wakiombwa mapema. Wakiombwa saa kumi na mbili jioni watakuambia foleni.

Projekta ijaribuni siku moja kabla, kwa kompyuta ileile itakayotumika. Dizeli inunuliwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mimi Jumamosi hiyo sina zamu, nitumie saa ya kuanza. Waya wangu ninao bado, nitakuja nao, na sambusa nitazifunga kwenye gazeti.

Dada yako