Sanduku la ngazini lashinda jumba la kifahari

MHARIRI,

Vinapotajwa vichekesho vya familia vya Kimarekani, hakosekani wa kusema kwamba watu huvipendea majumba: bustani mbele, gereji pembeni, jiko la kupanga foleni. Sikubaliani naye. Everybody Loves Raymond, kilichorushwa na televisheni ya CBS ya Marekani kuanzia 1996 hadi 2005, kina sehemu 210, na mambo mengi humo hutokea sebuleni au jikoni, katika nyumba ya kawaida kabisa ya Lynbrook, Long Island. Mtazamaji hurudi kwa sababu ya udogo wa tatizo.

Chukua sehemu ya msimu wa 7 iitwayo Baggage. Ray na mkewe Debra wamerudi safari, sanduku limebaki kwenye ngazi. Mume anangoja mke alipandishe, mke anangoja mume. Wiki zinapita, watu wanalipita tu. Hakuna fumanizi, hakuna mirathi, hakuna mganga. Mwandishi wake, Tucker Cawley, alizawadiwa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 2003 kwa sehemu hiyo. Nyumba gani haina sanduku lake? Kwetu litakuwa ndoo tupu ambayo kila mtu anaiona na hakuna anayeijaza, au balbu ya uani iliyoungua tangu mwezi uliopita.

Jambo la pili linalomrudisha mtazamaji ni mlango. Wazazi wa Ray wanakaa ng'ambo ya barabara, na mama yake, Marie, huingia bila hodi na kuanza kukosoa mapishi ya mkaza mwana. Warusi walipokitengeneza upya kipindi hicho mwaka 2009, kwa jina Voroniny, walikihamishia kwenye maghorofa ya Moscow. Bustani ikafa, mama mkwe akabaki, na sehemu zikapita 500.

Hapa ndipo baadhi ya watayarishaji wetu wanapokosea. Wanaanza kwa kukodi nyumba nzuri, kumbe nyumba halisi ndiyo adui wa kwanza wa kazi hii. Sebule ya studio ina kuta tatu tu na haina dari. Upande wa nne ni wa kamera, juu ni kwa taa. Mpango huo ulijengewa msingi imara na kichekesho cha Kimarekani I Love Lucy mwaka 1951: kamera tatu za filamu ya milimita 35 zikipiga kwa pamoja mbele ya watazamaji, na mpigapicha Karl Freund akitandaza mwanga sawasawa ili asihamishe taa kila kamera inapogeuka. Angalieni meza ya chakula katika vipindi hivi: watu watano wamebanana upande mmoja, na upande unaotutazama sisi hauna kiti. Ni uongo mtupu, lakini kila uso unaonekana.

Kwenye nyumba ya kukodi, kamera moja inalazimika kurudia tukio mara tatu kutoka pembe tatu. Mara ya tatu mwigizaji ameshachoka na utani wake mwenyewe. Dari fupi inaleta vivuli chini ya macho, vigae vinarudisha mwangwi, na friji isipozimwa inanguruma chini ya kila neno. Halafu kicheko kinabandikwa baadaye, nacho kinaangukia katikati ya sentensi kwa sababu mwigizaji hakuacha nafasi. Wanaoigiza mbele ya watu huwa wananyamaza, wanashika kikombe au wanageuza shingo, mpaka kicheko kianze kushuka, ndipo wanaendelea. Ukimya huo hauwezi kutengenezwa kwenye kompyuta.

Tusijifanye fani hii ni ngeni kwetu. Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, pale KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, walichekesha kwa vituko vya nyumbani miaka mingi, na sidhani kuna aliyekumbuka kuuliza kochi lao lilinunuliwa wapi.

Kwa anayeandika sasa, hesabu iko hivi. Nafasi ya nusu saa, ukiondoa matangazo, huacha takriban dakika 22. Tatizo kuu lijulikane ndani ya dakika tatu za mwanzo. Liwekee tatizo dogo la pembeni, la watoto au jirani, lipewe matukio matatu au manne, basi. Likizidi hapo litakula la kwanza. Mwisho wa sehemu familia irudi ilipokuwa, ili aliyekosa wiki iliyopita asihitaji kusimuliwa. Na kabla ya kukodi hata kamera moja, tatizo la wiki lielezwe kwa sentensi moja isiyo na neno "halafu". Zikihitajika sentensi nne, hiyo ni tamthilia. Ipelekwe huko kwenye fumanizi na mirathi.

Msomaji wako,
Mombasa