Maji ya bamvua hayangoji oda: barua kwa wanangu mnaouza ukili kwa simu

Assalaam aleykum wanangu, na wajukuu zangu mliomo humo.

Barua hii nimeiandika kwa kalamu, mjukuu wangu akaipiga chapa. Kwa hiyo makosa ya herufi ni yake, na makali ya maneno ni yangu. Ni yenu nyote mnaouza mikoba, misala, kawa na vikapu vya ukili, ule msuko wa majani ya ukindu, mtandaoni: wa Jambiani, Paje na Makunduchi huku Unguja, wa Pemba, hata nyinyi mlioko Dar es Salaam mnaochukua mali kwetu mkaipiga picha juu ya kochi.

Wiki iliyopita wanne wenu mlikuja kibarazani kwangu mmenuna. Mkasema duka limekwama. Wafuasi wapo, picha zinapendwa, oda zinaingia, halafu kila oda inageuka ugomvi. Mmoja akasema tatizo ni bando. Mwengine akasema watu hawana pesa. Wa tatu, nanyamaza jina lake, anataka kununua wafuasi elfu kumi. Siku ile sikujibu kwa sababu nilikuwa na chane, yale majani yaliyochanwa ya kusukia, juani na wingu lilikuwa linakuja. Leo najibu.

Msidhani nakuoneni wapuuzi. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuja, Mji Mkongwe ukawa kimya hadi unasikia paka akitembea, na mimi nilikuwa na mikoba 18 imelala stoo inanuka vumbi. Nyinyi ndio mlioiuza, kwa simu zenu zilizopasuka vioo. Mmoja wenu aliuuza mkoba wa mwisho kwa mtu wa Mwanza ambaye hajapata kuiona bahari. Deni hilo nalijua.

Na mimi zamani nilikuwa na kikwazo changu, hakikuitwa intaneti, kiliitwa mali kauli. Niliacha mikoba 40 kwenye duka la hoteli moja, tukaagana nitalipwa ikiuzwa. Miezi ikapita. Nilipolipwa, nililipwa kwa 30, na kumi nikarudishiwa imepauka upande mmoja kwa sababu ilipangwa dirishani, jua likaipiga. Hasara ya rangi ikawa yangu, dirisha lao. Tangu hapo sijaacha kitu kwa mtu bila nusu ya pesa mkononi. Nyinyi leo mnawafanyia hivyo hivyo wasukaji wenu. Mnachukua mkoba kwa Bi mkubwa wa watu, mnamwambia “ukiuzika nitakuletea,” na yeye ukindu kaununua kwa pesa taslimu. Mwisho anamsukia anayelipa leo. Mnashangaa kwa nini kazi nzuri inakwenda kwa mwengine?

Sasa ile oda ya mikoba 60. Mnaikumbuka, maana mpaka leo mkiitaja mnashusha sauti.

Mteja aliitaka ndani ya wiki tatu. Mkajibu “inawezekana” na vile vialama vya mikono iliyofumbatana, kabla hamjauliza kibaraza hata kimoja. Nifuateni kwenye hesabu. Mkoba wa kati, kwa mwanamke anayesuka baina ya kupika, kuteka maji na kumpeleka mtoto skuli, unamla siku tatu. Mikoba 60 ni siku 180 za kazi. Mlikuwa na wasukaji wanane. Gawanyeni: siku 22 na nusu kwa kila mmoja, bila homa, bila harusi, bila msiba. Wiki tatu ni siku 21. Oda ilikuwa imechelewa tangu dakika mliyoikubali.

Na hapo bado bahari. Huku kwetu mwani unalimwa tangu mwaka 1989, na wengi wa wanaokusukieni ni wakulima wa mwani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, yanakupwa mbali, na mwanamke anashuka pwani na kamba zake na vigingi vyake. Hapo hata umwahidi nini, hasuki. Akirudi jioni vidole vimekunjamana kwa chumvi, chane zinamkata. Pemba nako, msimu wa karafuu ukifika nyumba nzima inakwenda kuchuma na kuchambua. Ramadhani mikono inapungua mchana, na ndio wakati huo huo watu wanataka misala. Masika chane hazikauki, zinaota ukungu mweusi. Duka lenu liko kwenye simu, lakini karakana yenu iko vibarazani, na vibaraza vina kalenda yao ambayo hamjapata kuitazama.

Kilichofuata mnakijua. Kwa haraka, chane zilitolewa kwenye sufuria ya rangi zikaanikwa bila kusuuzwa. Mikoba ikashonwa usiku. Ikatumwa. Wiki mbili baadaye ikaja picha: gauni jeupe la mteja, ubavuni doa jekundu kama aliyetemewa tambuu. Nililiangalia lile doa kwenye simu ya mjukuu wangu mpaka nikaona aibu, maana mkoba ule niliujua, ukili wake ulikuwa wa mkono wa dada yangu. Yeye hakukosea kusuka. Walikosea waliomharakisha.

Kwa hiyo jaribio langu ni hili, na halina gharama. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe, kikamue, usugue ukili wenye rangi mara ishirini, pale penye rangi kali kuliko kote. Kitambaa kikibaki cheupe, shona. Kikitoka na rangi, chane zirudi kwenye maji, zisuuzwe mpaka maji yawe ya kunawia uso, zikaushwe kivulini. Fanya kabla ya kushona, mkoba ukishashonwa na kutiwa bitana umeshachelewa. Kitambaa chenyewe kipigeni picha, mkiweke pembeni ya mkoba kwenye tangazo. Mteja wa mbali hawezi kugusa mali. Mpeni cha kuaminia macho.

Halafu semeni idadi. Andikeni kwamba mwezi huu mnapokea oda 12 tu, na atakayekuja wa 13 ataingia mwezi ujao. Najua roho zitauma. Mnaona kama kumfukuza mteja. Mimi nimeuza miaka mingi, na sijaona mteja aliyekasirika kwa kuambiwa ukweli mapema kama aliyekasirika kwa kuambiwa “kesho” mara saba. Kalenda ya oda ichoreni pamoja na mwandamo wa mwezi. Msicheke.

Bei.

Kwanza acheni huu mchezo wa “bei inboksi.” Mtu akiona mkoba akauliza bei mbele za watu, mnamwita pembeni kama mnauza magendo. Nusu yao hawaji. Andikeni bei chini ya picha. Anayetaka kupatana atapatana tu, sisi ni watu wa pwani, hatuwezi kumkataza mtu kupatana.

Lakini hiyo bei mmeitoa wapi? Nilifungua daftari lenu. Mkoba mmoja: ukindu 3,000, rangi 1,500, mikono ya ngozi 6,000, bitana 2,500. Jumla 13,000. Mkauza 35,000, mkasema faida ni 22,000, mkanunua soda. Msukaji wa siku tatu mmemweka wapi? Mkimhesabia 8,000 kwa siku, hiyo ni 24,000. Mshonaji 5,000. Tumefika 42,000 na bado sijagusa bando, nauli ya kwenda bandarini, karatasi ya kufungia wala makato ya kutoa pesa kwenye simu. Mlikuwa mnatoa 7,000 mfukoni mwa msukaji kumzawadia mteja kila mkoba. Duka la namna hiyo likikua, hasara inakua nalo, na ndiyo maana mauzo yalipozidi mkazidi kukopa. Nilipowaambia pandisheni mpaka 55,000 mlinitazama kama nimetukana. Jaribuni kwanza na mkoba mmoja, ule wa ukili mwembamba, ambao mchina hajauiga.

Usafirishaji nao unawatia hasara kwa sababu mnaupimia mizani. Kikapu ni chepesi, kweli, hakifiki kilo. Lakini makampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege hayatazami uzito peke yake. Yanachukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, yanazidisha, kisha mengi yanagawa kwa 5,000. Boksi la 45 kwa 30 kwa 30 linatoka kilo 8.1. Mteja analipishwa kilo nane za hewa! Ndiyo maana nauli inaizidi mali, mteja anakimbia, na nyinyi mnadhani hakukipenda kikapu. Sukeni seti ya vikapu vitatu vinavyoingiana kama sufuria za aluminiamu: boksi lile lile, vikapu vitatu. Mkoba usio na kitako kigumu ulazeni bapa, ukili haufi kwa kulazwa, mkeka unakunjwa miaka na miaka. Kabla ya kufunga, anikeni jua la siku nzima, maana ukungu ukisafiri ndani ya boksi unafika kabla ya mkoba.

Na wateja wenu wa Marekani waambieni mapema kuhusu ushuru. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 umeondolewa. Mteja akikutana na bili asiyoitegemea, atakulaumuni nyinyi, hatailaumu serikali yake. Kwa hapa nyumbani hamna tabu kubwa: boti mpaka Dar, kisha basi. Ila pigeni picha risiti ya mzigo na mumtumie mteja siku hiyo hiyo, asikuulizeni mara mbili.

Matapeli sina mengi ya kusema. Ujumbe wa kwamba pesa imeingia unaweza kuandikwa na mtoto wa darasa la nne. Angalieni salio, ndipo mfungue stoo. Na anayekupigieni simu kwamba “nimezidisha, nirudishie” mwambieni awasiliane na kampuni yake ya simu.

Wale wanaoiba picha zenu wakauza kwa bei ya chini, huko ndiko mnakomaliza machozi bure. Mmeshawahi kumuona msukaji kwenye picha zao? Hawanaye. Nyinyi mnaye. Kaeni naye asubuhi, mlangoni, kabla jua halijawa kali, mpige video fupi mikono yake ikisuka, huku mnasikia kuku nyuma na mtoto analia. Mwombeni ruhusa kwanza, wengine hawapendi uso kuonekana, basi mikono inatosha. Bi mmoja hapa ana pete ya fedha iliyochakaa upande mmoja kwa kusuguliwa na ukili. Pete ile haiibiki. Mnapiga picha mikoba juu ya maua ya plastiki, wallahi sielewi, mna bahari nzima nje.

Wafuasi elfu kumi wa kununua? Hawavai mikoba. Pesa hiyo mlipeni msukaji anayewadai.

Nimeambiwa mnataka kufungua duka la pili mtandaoni la vitu vya shanga. Shanga ni kazi nzuri, lakini sina la kusema juu ya shanga, mimi sizijui. Mkishalipa madeni ya vibaraza tutazungumza.

Jumamosi baada ya alasiri njooni kwangu. Leteni ile mikoba iliyorudishwa, yote, hata ile mliyoificha. Leteni daftari na kalenda yenye mwandamo. Msije mapema, kuna bamvua, dada yangu atakuwa pwani na nataka awepo. Mtamwomba radhi yeye kwanza. Kitambaa cheupe ninacho.

Bibi yenu,
Jambiani