Zile hela walizokukata

Kampala, 9 Julai 2025

Dada Rukia mpendwa,

Assalam aleikum. Sisi huku Kibuli hatujambo, watoto wako shule, na Shangazi anakusalimu sana.

Nimesikia kwa Mama Zahara kwamba mkataba wako haukuongezwa na kwamba tangu Desemba ilipoisha uko nyumbani. Mbona hukuniambia mwenyewe? Imeniuma. Lakini fikra zangu zilikwenda haraka kwenye kodi yako, maana mishahara ndiyo kazi yangu, na naona watu wengi wakiziacha hela zao URA, kwenye mamlaka ya mapato, bila kujua.

Hebu tuhesabu. Ulikuwa ukilipwa laki sita kwa mwezi, na PAYE yake, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, ni shilingi 82,000. Jedwali la kodi la mwezi linakuhesabu kama mtu atakayelipwa hivyo miezi yote 12. Wewe ulifanya kazi Julai hadi Desemba tu, na mwaka wa kodi ni Julai mpaka Juni. Kwa hiyo mapato yako ya mwaka ni 3,600,000. Katika hizo, 2,820,000 hazitozwi kitu. Zinabaki 780,000, zinatozwa asilimia 10, yaani 78,000. Mwajiri wako kwa miezi sita amekata 492,000. Toa, dada yangu: 414,000 ni zako! Hiyo si karo ya Sauda?

Na usiichanganye na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ile asilimia 5 ni akiba yako, ina masharti yake ya kuitoa, iache hapo.

Najua Baba Sauda atasema mshahara wake utaharibu hesabu. Hauharibu. Uganda mume na mke hutozwa kila mmoja kivyake, kwa TIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi. Vile vyumba vyako vya kupangisha vya Ediofe navyo, kama bado vinaingiza 150,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,800,000, haifiki 2,820,000, na mapato ya pango hutozwa kodi yakizidi hapo tu. Sioni cha kuogopa.

Kinachoniudhi ni kwamba kiwango hicho cha mshahara kisichotozwa kodi, 235,000 kwa mwezi (ndiyo ile 2,820,000 kwa mwaka), kimekaa palepale tangu 2012. Unga wa posho, sukari na nauli vimekaa palepale? Ndiyo maana mtu mwenye kipato kama chako hapaswi kuacha hata shilingi moja iliyozidi.

Njia yenyewe ni hii: unaingia kwenye tovuti ya URA kwa TIN yako, unajaza ritani, fomu ya kutangaza mapato, ya mtu binafsi ya mwaka 2024/25, halafu unaomba kurejeshewa kilichozidi. Mwisho wa ritani ni 31 Desemba, lakini tusingoje, kwa sababu watakagua kwanza na ukaguzi huchukua muda. Kabla ya yote tuangalie kama makato ya miezi yote sita yanaonekana kwenye TIN yako. Mwajiri akikata asipeleke, deni ni lake, si lako, ila utahitaji karatasi za mshahara kuthibitisha kwamba ulikatwa. Na tafadhali usimpe mtu wa mjini hela akujazie. Kujaza ni bure, nami nipo.

Sasa nijibu. Karatasi za mshahara unazo zote, au nyingine zilibaki ofisini? Walikulipa chochote mwezi wa Januari, labda hela ya notisi? Hiyo nayo ni mapato, itabadilisha ile 414,000. Una deni lolote la kodi URA, maana watalikata humo kwanza? Nywila ya akaunti yako ya URA unaikumbuka, au alikufungulia yule kijana wa ofisini kwenu? Na wewe mwenyewe unalala vizuri? Sauda hajarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo?

Zipige picha karatasi zote unitumie kwa simu kabla ya Ijumaa. Jumapili baada ya Adhuhuri nitakupigia, tujaze pamoja mpaka mwisho.

Dada yako,
Halima